Kipimo cha damu na saratani ya matiti: kinachoweza kuonyesha na kisichoweza

SIKU hizi si ajabu mwanamke aliyegusa kivimbe katika titi lake kufika maabara na kuomba apimwe damu ili ajue kama ana saratani. Ombi hilo lina mantiki yake. Malaria hupimwa kwa tone la damu, kisukari kadhalika, na virusi vya Ukimwi hugunduliwa kwa kipimo cha dakika chache. Kwa nini basi saratani ya matiti idai picha za mamografia, sindano ndani ya titi na majuma ya kusubiri majibu?

Jibu fupi ni kwamba hakuna kipimo cha damu, humu nchini wala kwingineko duniani, kinachoweza kuthibitisha au kukanusha kwamba kivimbe ni saratani. Jibu refu linavutia zaidi. Katika muda wa miaka 30 hivi iliyopita, ujuzi wa kusoma habari za jeni zilizomo katika damu umepiga hatua kubwa, na katika nchi tajiri umekwisha kuingia katika kazi ya kila siku ya madaktari wa saratani. Tatizo ni kwamba jina moja, "kipimo cha damu", limefunika vipimo vya aina mbalimbali vinavyojibu maswali tofauti kabisa. Anayevichanganya anaweza kurudi nyumbani na karatasi yenye neno "hasi" ilhali ugonjwa unaendelea kukua.

Hatari hiyo si ndogo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 pekee Kenya ilikuwa na visa vipya 6,799 vya saratani ya matiti na vifo 3,107 vilivyotokana nayo. Hakuna saratani nyingine iliyopata watu wengi zaidi nchini mwaka huo. Wengi wa wagonjwa hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa hadi kwapani au mbali zaidi, na katika hatua hiyo kila mwezi una thamani.

Jeni za kurithi

Kipimo cha kwanza ni kile cha jeni ambazo mtu huzaliwa nazo. Mwaka 1990 mwanasayansi Mmarekani Mary-Claire King alionyesha kwamba katika baadhi ya familia zinazoandamwa na saratani ya matiti, chanzo kimo katika kromosomu ya 17. Jeni yenyewe, iliyoitwa BRCA1, ilitambuliwa mwaka 1994, na ya pili, BRCA2, mwaka 1995. Kazi ya jeni hizi katika mwili wenye afya ni kusaidia kuunga DNA inapokatika. Aliyerithi nakala mbovu, iwe kwa mama au kwa baba, huishi na ulinzi pungufu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa kati ya wanawake 100 wenye kasoro ya BRCA1, wapatao 72 watapata saratani ya matiti kabla ya kufikisha umri wa miaka 80. Kwa BRCA2 ni 69.

Watu husahau kwamba kasoro hupitia kwa baba pia. Mwanamke ambaye shangazi zake wawili, dada za baba, walikufa kwa saratani ya matiti mara nyingi huambiwa hana cha kuhofia kwa kuwa upande wa mama ni salama. Huo ni ushauri mbaya.

Katika kipimo hiki damu ni chombo cha kubebea DNA tu. Hata mate yangetosha. Hufanywa mara moja maishani, kwa maana matokeo hayabadiliki. Wala hakisemi lolote kuhusu kuwepo kwa saratani leo. Mwenye kasoro anaweza kuishi hadi uzeeni bila kuugua, na wagonjwa walio wengi mno wa saratani ya matiti hawana kasoro yoyote ya kurithi inayojulikana. Faida yake ni ya aina nyingine: anayejulikana kuwa na kasoro huanza kupigwa picha za matiti mapema na mara kwa mara, anaweza kuchagua upasuaji wa kinga, na akiugua kuna dawa kama olaparib zilizotengenezwa kulenga udhaifu huohuo wa seli zisizoweza kuunga DNA yake.

Bei ya kipimo hiki ina historia yake. Kampuni ya Myriad Genetics ya Marekani ilikuwa na hataza juu ya jeni zote mbili na ikatoza zaidi ya dola 3,000 kwa kipimo kimoja, hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua tarehe 13 Juni 2013 kwamba DNA ya asili ni kazi ya maumbile na haiwezi kumilikiwa na kampuni. Tangu hapo washindani waliingia sokoni na bei ikaporomoka.

Kwa Waafrika kuna jambo la ziada. Kazi nyingi za kutafuta kasoro za jeni zilifanywa kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya, na kwa hiyo mtu wa asili ya Afrika anapopimwa, mara nyingi zaidi huambiwa kwamba jeni yake ina badiliko ambalo maana yake haijulikani. Jibu la namna hiyo humwacha mgonjwa na daktari wake njia panda. Utafiti uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na wataalamu akiwamo Profesa Olufunmilayo Olopade wa Chuo Kikuu cha Chicago, ulianza kuziba pengo hilo. Kati ya wagonjwa 1,136 wa saratani ya matiti, asilimia 7.0 walikuwa na kasoro ya BRCA1 na asilimia 4.1 ya BRCA2. Hiyo ni takriban wagonjwa 11 katika kila 100, idadi inayotosha kuhalalisha kuwapima wagonjwa na kisha jamaa zao wa karibu.

Protini ya CA 15-3

Kipimo hiki hakihusu jeni, ila ni lazima kitajwe kwa kuwa ndicho wengi humaanisha wanaposema wamepimwa saratani kwa damu. CA 15-3 ni protini inayotolewa na seli za matiti na ambayo mara nyingi huongezeka saratani inapokuwa imesambaa. Madaktari huitumia, pamoja na picha, kufuatilia mgonjwa aliye katika matibabu ya saratani iliyosambaa. Saratani ikiwa bado changa, kiwango chake huwa cha kawaida kwa wagonjwa wengi. Kwa upande mwingine, kinaweza kupanda kwa sababu ya maradhi ya ini au uvimbe usio na madhara. Kuitumia kuamua kama kivimbe kipya ni saratani ni kosa.

Mabaki ya seli katika damu

Hapa ndipo penye sayansi mpya. Kila siku mabilioni ya seli za mwili hufa na kubomoka, na vipande vya DNA yake humwagika katika damu. Wafaransa wawili, Paul Mandel na Paul Métais, walieleza kuwepo kwa DNA hiyo huru mwaka 1948, miaka mitano kabla ya umbo la DNA kujulikana, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona umuhimu wa jambo hilo. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waligundua kwamba wagonjwa wa saratani huwa nayo kwa wingi kuliko watu wazima wa afya. Mwaka 1994 ikathibitishwa kuwa baadhi ya vipande hivyo vinatoka katika uvimbe wenyewe, kwa sababu vilibeba kasoro zilezile zilizoonekana katika seli za saratani.

Kasoro hizo hazirithiwi. Huzuka katika seli moja ya titi wakati wa maisha ya mtu, kisha hurithishwa kwa seli zote zinazozaliwa kutokana na ile ya kwanza. Ni kama alama ya chuma cha moto juu ya ng'ombe: popote seli itakapokwenda, na hata ikifa, alama inabaki katika DNA yake. Anayeijua alama anaweza kuitafuta katika damu.

Sifa nyingine ya vipande hivi ni kwamba havikai. Ini na figo huviondoa haraka, kiasi kwamba nusu yake hutoweka kwa muda wa kati ya dakika 16 na saa mbili unusu. Kwa hiyo damu iliyotolewa leo asubuhi inaeleza hali ya uvimbe ya leo asubuhi. Picha ya skani, kwa kulinganisha, hulazimika kusubiri hadi uvimbe unenepe au usinyae kwa kiasi kinachoweza kupimwa, jambo linalochukua majuma au miezi.

Ugumu wote umo katika hesabu, na inafaa tuipige hapa. Mililita moja ya plazma, yaani yale maji ya damu yanayobaki seli zikiondolewa, huwa na nanogramu chache tu za DNA huru. Tuseme ni tano. Chupa ya damu ya mililita 10 hutoa plazma ya mililita nne hadi tano, na nanogramu moja ni sawa na nakala 300 hivi za msimbo kamili wa urithi wa binadamu. Hivyo chupa nzima itakuwa na nakala 6,000 au 7,000, na karibu zote zimetoka katika seli za kawaida, hasa chembe nyeupe za damu. Iwapo saratani imesambaa na ni kubwa, mchango wake unaweza kuwa nakala moja katika kila kumi, na hapo kuipata ni rahisi. Lakini ikiwa uvimbe ni mdogo kama punje ya harage na mchango wake ni nakala moja kati ya 100,000, basi yamkini ndani ya chupa hiyo hakuna hata nakala moja ya kasoro inayotafutwa. Mashine bora kuliko zote haiwezi kusoma kisichokuwamo.

Njia ya kukwepa kikwazo hicho ni kutafuta kasoro nyingi kwa mpigo. Ikiwa uvimbe wa mgonjwa umekwisha kukatwa na kusomwa, maabara inaweza kuorodhesha mamia ya kasoro zake na kuzisaka zote katika chupa moja; ile isiyopatikana kwa kasoro ya kwanza huenda ikapatikana kwa ya mia tatu. Hata hivyo, njia hii inamhitaji mtu ambaye saratani yake tayari inajulikana.

Kuna mtego mwingine. Kadiri mtu anavyozeeka, chembe za damu zenyewe hupata kasoro zake, mara nyingine katika jeni zilezile zinazohusishwa na saratani. Maabara isiyopima pia chembe nyeupe za mgonjwa kama kilinganishi inaweza kuzifikiria kasoro hizo za uzee kuwa ni saratani.

Mbali na vipande vya DNA, damu hubeba pia seli nzima za saratani zilizong'oka. Daktari Thomas Ashworth wa Australia aliziona kwa darubini mwaka 1869. Kipimo cha kuzihesabu, CellSearch, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2004 baada ya utafiti wa wanawake 177 wenye saratani ya matiti iliyosambaa kuonyesha kwamba waliokuwa na seli tano au zaidi katika mililita 7.5 za damu walikuwa na muda mfupi zaidi wa kuishi.

Kufuatilia ugonjwa uliokwisha kujulikana

Mwaka 2013 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliviweka vipimo hivyo vitatu kwenye mizani moja. Walichukua wanawake 30 wenye saratani ya matiti iliyosambaa ambao kasoro za uvimbe wao zilikuwa zimetambuliwa. DNA ya saratani ilipatikana katika damu ya wanawake 29. Seli nzima zilipatikana kwa 26. Protini ya CA 15-3 ilikuwa juu kwa 21 kati ya 27 waliopimwa. Zaidi ya hayo, kiwango cha DNA kilipanda na kushuka sambamba na hali ya ugonjwa kuliko vile vingine.

Kisha likaja swali la wale waliotibiwa wakapona. Mwanamke aliyeondolewa uvimbe na kumaliza tibakemia huambiwa kwamba picha zake ni safi, lakini wachache miongoni mwao wana seli zilizojificha katika mifupa au ini zitakazoamka baada ya miaka. Mwaka 2015 kundi la Taasisi ya Utafiti wa Saratani ya London liliripoti kuhusu wagonjwa 55 wa saratani ya hatua za mapema waliokuwa wakipimwa damu kila baada ya muda. Waliorejewa na ugonjwa walikuwa wameonyesha DNA ya saratani katika damu takriban miezi minane kabla ya dalili. Mwaka 2024 taasisi hiyohiyo ilitoa matokeo ya kipimo kinachosaka hadi kasoro 1,800 kwa wakati mmoja: katika wagonjwa 78, wote 11 waliorejewa na ugonjwa walikuwa wametambuliwa na kipimo, wakati wa kati ukiwa miezi 15 kabla, na mmoja miezi 41.

Hayo ni matokeo ya kushangaza. Lakini kujua mapema kuna maana tu ikiwa kuna la kufanya, na hapa sharti tuwe waangalifu kuliko baadhi ya vichwa vya habari vilivyoandikwa wakati huo.

Katika jaribio la Marekani lililojulikana kama SWOG S0500, wagonjwa ambao seli zao za saratani katika damu hazikupungua baada ya duru ya kwanza ya tibakemia walibadilishiwa dawa mara moja, ilhali wenzao waliendelea na ile ya kwanza. Matokeo yaliyotolewa 2014 yalionyesha kwamba kubadilisha dawa hakukurefusha maisha. Kipimo kilibashiri vyema. Kilichokosekana ni dawa iliyo bora kuliko ile iliyoshindwa.

Jaribio la Uingereza, c-TRAK TN, liliwafuatilia kwa damu wagonjwa wa aina ya saratani isiyosikia homoni wala dawa za HER2, aina kali ambayo huwapata zaidi wanawake wa asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi. Nia ilikuwa kuwapa waliogunduliwa dawa ya kuimarisha kinga ya mwili kabla ugonjwa haujaonekana kwenye picha. Mambo hayakwenda hivyo. Kati ya wagonjwa 32 waliopangiwa dawa baada ya damu yao kuonyesha DNA ya saratani, 23 walipopigwa picha walikutwa ugonjwa umekwisha kusambaa. Saratani ya aina hiyo hukimbia kuliko ratiba ya kupima kila baada ya miezi mitatu.

Mambo yamekuwa mazuri zaidi kwa saratani inayolishwa na homoni ya estrojeni. Wagonjwa hao hupewa dawa za kuzuia mwili kutengeneza homoni hiyo, na baada ya muda baadhi ya seli hujifunza kuishi bila hiyo kwa kupata kasoro katika jeni ya ESR1, ambayo ndiyo mlango wa estrojeni. Kasoro hiyo huzuka wakati wa matibabu, kwa hiyo haitaonekana katika kipande cha uvimbe kilichokatwa miaka mitano iliyopita na kuhifadhiwa. Damu ya leo itaionyesha. Katika jaribio la Ufaransa la PADA-1, lililowasajili wagonjwa 1,017, wale 172 ambao damu yao ilionyesha kasoro hiyo kabla ya picha kubadilika waligawanywa kwa kura. Waliobadilishiwa dawa mapema walikaa miezi 11.9 bila ugonjwa kuendelea, wenzao miezi 5.7. Mwaka 2025 jaribio la kimataifa la SERENA-6, kwa dawa mpya ya camizestrant, lilitoa sura inayofanana: miezi 16.0 dhidi ya 9.2. Kama wagonjwa hao wataishi muda mrefu zaidi kwa jumla ni jambo lililokuwa bado linafuatiliwa matokeo hayo yalipotangazwa, na wapo wataalamu walioshikilia kuwa pasipo jibu la swali hilo haifai kuwachoma sindano wagonjwa wote kila mara.

Kuchagua dawa

Matumizi yasiyo na ubishi mwingi ni kuchagua dawa kwa saratani iliyosambaa. Takriban wagonjwa wanne kati ya kumi wa saratani inayolishwa na homoni na isiyo na HER2 huwa na kasoro katika jeni ya PIK3CA. Dawa ya alpelisib iliidhinishwa Marekani mwezi Mei 2019 kwa ajili yao, pamoja na kipimo cha kuitafuta kasoro hiyo katika uvimbe au katika damu. Katika jaribio lililotangulia idhini hiyo, waliokuwa na kasoro na wakapewa dawa walikaa miezi 11.0 bila ugonjwa kuendelea, dhidi ya 5.7. Dawa hii hupandisha sana sukari ya damu, jambo la kuzingatiwa na mgonjwa mwenye kisukari. Mwezi Januari 2023 ikafuata elacestrant, kwa wenye kasoro ya ESR1 iliyopatikana katika damu. Faida yake ilikuwa halisi ila ya kiasi: miezi 3.8 badala ya 1.9.

Maagizo ya kipimo cha PIK3CA yana sharti moja ambalo lingefaa kubandikwa ukutani katika kila maabara: damu ikionyesha kasoro, jibu hilo linatosha; damu isipoonyesha, uvimbe wenyewe upimwe. Hata kwa mgonjwa ambaye saratani yake inajulikana na imesambaa, jibu "hasi" la damu halichukuliwi kuwa ni mwisho wa maneno.

Kwa mwanamke asiye na dalili

Ndoto kubwa ya kibiashara ni kupima watu wazima wasio na dalili yoyote. Vipimo vya aina hii hutazama zaidi jinsi DNA ilivyowekewa alama za kemikali zinazowasha na kuzima jeni, kwa kuwa alama hizo hutofautiana kutoka kiungo hadi kiungo na huvurugika katika saratani. Maarufu zaidi ni Galleri, cha kampuni ya Marekani ya GRAIL, ambacho huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilikifanyia majaribio kwa watu wapatao 140,000 kuanzia 2021. Katika utafiti wa awali wa kampuni hiyo uliochapishwa mwaka huohuo, kipimo kiligundua asilimia 51.5 ya saratani zote kwa wagonjwa waliokwisha kujulikana, lakini katika hatua ya kwanza kiligundua asilimia 16.8 tu. Kwa saratani ya matiti ya hatua ya kwanza kilikuwa dhaifu zaidi ya wastani huo. Sababu tumekwisha kuiona: uvimbe mdogo wa titi humwaga DNA kidogo mno.

Tuchukue mfano wa kukisia. Wanawake 10,000 wasio na dalili wanapimwa, na 50 kati yao wana saratani ya matiti. Kipimo kinakamata nusu ya wagonjwa, na kwa wasio na saratani kinakosea mara tano tu katika kila 1,000. Matokeo yatakuwa wagonjwa 25 waliotambuliwa, wagonjwa 25 walioambiwa wako salama, na wanawake wazima wapatao 50 walioambiwa huenda wana saratani. Katika kila watatu watakaopokea habari mbaya, wawili hawana ugonjwa. Wote hao watahitaji mamografia na pengine sindano ya kuchukua kipande, yaani safari ileile waliyotaka kuikwepa.

Zipo pia tafiti nyingi kuhusu vipande vifupi vya RNA vinavyozunguka katika damu, na mara kwa mara hutangazwa kuwa ufumbuzi umepatikana. Orodha za vipande hivyo zimetofautiana mno kutoka maabara moja hadi nyingine, na mwandishi huyu haoni sababu ya mtu kutoa pesa kwa ajili yake kwa sasa.

Hali ya Kenya

Kwa mgonjwa wa humu nchini, kikwazo cha kwanza ni chupa yenyewe. Damu ikiwekwa katika chupa ya kawaida na kukaa muda mrefu, chembe nyeupe huanza kupasuka na kumwaga DNA yake, na ile kidogo ya saratani huzama. Damu hiyo inapaswa kuzungushwa katika mashine na plazma kutengwa ndani ya saa chache. Zipo chupa maalumu zenye dawa ya kuzuia seli kupasuka ambazo huvumilia safari ya siku kadhaa, lakini ni ghali. Damu iliyotolewa Lodwar au Mandera na kupakiwa katika basi la usiku haitatoa jibu la kuaminika bila chupa hizo. Hospitali za kibinafsi zinaweza kuagiza vipimo hivi kutoka maabara za ng'ambo, kwa gharama ambayo familia nyingi haziwezi kuimudu. Hata anayeimudu ana swali la kuuliza kabla ya kulipa: ikiwa kipimo kitaonyesha kasoro fulani, je, dawa yake inapatikana nchini na nani ataigharamia? Kama jibu ni la, pesa hizo zingefanya kazi bora kwingine.

Kwingine huko ni kupi? Utafiti wa ABC-DO, uliowafuatilia wagonjwa wa Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini waliogunduliwa kati ya 2014 na 2017, ulionyesha kwamba ni nusu yao tu waliokuwa hai baada ya miaka mitatu. Watafiti walikadiria kuwa kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo hivyo vingeweza kuepukwa kwa kutambua wenye dalili mapema na kuwapa matibabu yanayofaa. Hakuna teknolojia mpya katika hesabu hiyo. Kilichohitajika ni mhudumu wa afya anayejua kupapasa titi, mashine ya ultrasaundi, sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe, na mtaalamu wa kukisoma na kueleza kama kina vipokezi vya homoni na HER2.

Mwanamke mwenye kivimbe kisichoondoka, titi lililobadilika umbo, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, anahitaji uchunguzi wa aina tatu: mikono ya daktari, picha, na kipande cha nyama. Damu yake itapimwa pia, ili kujua kama ana upungufu wa damu na kama ini na figo zinaweza kuhimili dawa, na asishangae akiambiwa kwamba matokeo hayo ni mazuri ilhali ana saratani.

Aliyemaliza matibabu naye huuliza kama apimwe damu kila mwaka. Miongozo ya Chama cha Madaktari wa Saratani cha Marekani, ASCO, haipendekezi vipimo vya alama za saratani katika damu kwa mtu aliyepona na asiye na dalili. Inapendekeza aonwe na daktari kwa ratiba na apigwe mamografia ya kila mwaka. Msimamo huo unaweza kubadilika majaribio yanayoendelea yakionyesha kwamba kutibu mapema kile kilichoonekana katika damu kunaokoa maisha.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mpango wake wa mwaka 2021 kuhusu saratani ya matiti, limeziwekea nchi lengo la kumaliza uchunguzi ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituo cha afya mara ya kwanza. Siku zinazopotea akisubiri jibu la CA 15-3 au la kipimo cha jeni, huku kivimbe chenyewe hakijachomwa sindano, huhesabiwa ndani ya hizo 60.